Mzee wa Tundu anajibu: Baji ananing'ata, nimkate mbawa?

Mwezi huu barua karibu zote ni baji, baji, baji (siyo bajia za dengu jamani, naongelea vile vikasuku vidogo vya kijani na bluu vinavyopiga kelele barazani kwa watu). Nimechukua saba, zingine nimezifupisha maana kuna mtu kaniandikia kurasa nne kabla hajamfikia ndege mwenyewe.

Shikamoo mzee. Nilinunua lavubedi wawili sokoni, mmoja kijani mmoja bluu, hii wiki ya tatu sasa na kila nikiingiza mkono wanakimbilia kona wanajigonga kwenye nyaya mpaka manyoya yanadondoka, yule wa bluu kaning'ata hadi damu. Jirani anasema niwakate mbawa halafu niwanyime chakula siku mbili, eti njaa itawaleta mkononi wenyewe. Nifanyeje? Dada wa Tabata, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Huyo jirani msalimie, mwambie asifuge kitu. Baji mzima ana gramu 30 mpaka 40, hafikii hata uzito wa yai la kuku, mwili mdogo vile hauna akiba yoyote, siku moja mbili bila kula unamkuta chini miguu juu. Njaa haifundishi mapenzi, inaua tu.

Halafu hao siyo lavubedi ingawa sokoni ndivyo wanavyoitwa na mimi nimeshachoka kugombana na wauzaji. Lavubedi wenyewe ni cherero, ndege wa kwetu kabisa, mkia mfupi na uso wa rangi ya machungwa, Serengeti wapo tele. Wako wewe ni baji, asili yake Australia, kule katikati kwenye ukame, wanatembea makundi makundi kufuata mvua na mbegu za nyasi. Mwingereza John Gould aliwafikisha Uingereza wakiwa hai mwaka 1840 na toka hapo watu hawajaacha kuwazalisha. Porini ni kijani na manjano, hiyo bluu yako ni kazi ya wafugaji wa Ulaya miaka ya 1800 mwishoni.

Nakupeleka Australia kwa sababu moja, uelewe anaogopa nini. Kule kwao kitu kinachoshuka kutoka juu ni mwewe, hakuna mjadala, anayesubiri kuhakikisha ameshaliwa. Sasa nabashiri tundu lako liko chini au kwenye kistuli, na mkono unaingizia juu. Basi kwake wewe ni mwewe mwenye vidole vitano! Lipandishe tundu lifike usawa wa macho yako, upande mmoja uegemee ukuta ili awe na mgongo salama, siyo katikati ya sebule watu wanapita huku na huku.

Wiki ya kwanza usiingize mkono kabisa isipokuwa kubadilisha maji na chakula, na hapo ongea taratibu kabla hujafika, wasikie unakuja. Kaa pembeni, chambua mchele, piga simu zako, soma, usiwakodolee macho maana anayekodoa ni mwindaji. Ukiona wanakula wewe ukiwepo, au mmoja amekunja mguu mmoja anasinzia, au wanasagasaga midomo kama mtu anayetafuna ubuyu, ujue wamekuzoea. Hapo ndio unaweka mkono nje ya tundu, umetulia, dakika kumi, kesho tena. Ukifika siku hawashtuki, ingiza mkono polepole kwa mlango wa pembeni, chini ya kifua chao, umeshika kishuke kizima cha uwele. Usimfuate! Mkono unakaa, yeye ndiye anakuja. Siku ya kwanza atanyoosha shingo kama twiga na kurudi, siku ya tatu atadonoa moja, siku moja utashangaa mguu umepanda kidoleni. Wengine wiki mbili, wengine miezi mitatu, na wawili pamoja huwa wanachelewa kuliko mmoja kwa sababu wanapiga stori zao wenyewe, lakini akikubali mmoja wa pili anamwiga.

Akikung'ata usirudishe mkono kwa kasi wala usipige kelele (najua inauma, nimeng'atwa mpaka kwenye sikio). Ukirudisha tu kashajifunza kwamba mdomo unafukuza mwewe.

Mbawa zikikatwa na anayejua huota tena ndege akinyonyoka manyoya, hilo kweli. Ila ndege muoga asiyeweza kuruka anabakiwa na silaha moja tu, na hiyo tayari umeshaionja. Mimi wa kwanza wangu nilimkamata kwa glavu kila siku kwa sababu nilisoma mahali kwamba atazoea, akazoea kweli, alizoea kunichukia, nilikuja kumpata baada ya miezi saba na mpaka anakufa hakupenda glavu hata zikiwa zimeanikwa kambani.

Hujambo Mzee wa Tundu. Mwanangu wa miaka tisa ana baji mmoja, muuzaji alituapia ni dume na atasema kama binadamu. Miezi minne hasemi lolote, halafu pale juu ya mdomo penye matundu ya pua pamegeuka kahawia, pamekuwa na magamba magamba. Ni mgonjwa? Mama wa Kisauni, Mombasa

Sijambo mama, na hongera, umepata binti.

Pale juu ya mdomo ndipo panaposema ukweli, muuzaji aape asiape. Dume mkubwa pale huwa bluu iliyokolea. Jike huwa weupe au rangi ya mchanga, na akiwa tayari kutaga panageuka kahawia na kukauka kama gome, kisha baadaye hubanduka. Akiwa mdogo ni kazi kubahatisha, kidume kidogo huwa na waridi au zambarau moja hivi iliyoenea sawasawa, kijike huwa na rangi ya bluu iliyofifia yenye kipete cheupe kuzunguka tundu la pua, na watu wengi wanaona ile bluu wanashangilia dume. Hata mimi nimeliwa hela hivyo. Na wale weupe pee au manjano tupu wenye macho mekundu usiwahukumu kwa bluu, madume wao hubaki waridi mpaka uzeeni.

Ila angalia vizuri. Kama yale magamba yako pale kwenye pua tu, ni ujike. Kama yameshuka pembeni ya mdomo, yanatambaa kuelekea machoni au miguuni, meupe yenye vitundu vitundu kama sponji, huo ni ukurutu wa vijidudu vinavyochimba ngozi, mpeleke kwa daktari wa mifugo ampe dawa ya tone kwa kipimo cha uzito wake. Usimpimie mwenyewe dawa ya mbuzi, tafadhali sana.

Kuhusu kusema, madume ndio wasemaji, majike wachache sana hujifunza neno moja mawili. Na hata dume siyo kwamba anatamka kama mtangazaji, anasema haraka haraka kama mtu anayenong'ona kwenye redio mbovu, usiposikiliza vizuri unadhani anapiga makelele tu. Lakini akili ipo! Kitabu cha rekodi cha Guinness kimeandika baji mmoja wa California, jina lake Puck, aliyekufa mwaka 1994 akiwa na maneno 1,728, kuna watu nawafahamu hawayafikishi hayo. Dume langu la sasa nilimfundisha "shikamoo" miezi miwili, alichoshika ni mlio wa meseji ya simu yangu, na sasa nanyanyuka mara kumi kwa siku kuangalia nani kanitumia pesa.

Mtoto mwambie binti yake atajifunza kupanda kidoleni na kula mkononi, hilo majike wanaliweza vizuri tu, ingawa mdomo wao ni mkali zaidi.

Niaje mzee. Niko na pea moja toka Januari, nikawawekea boksi, jike akataga mayai matano lakini hakuna hata moja ilipasuka, nikatupa. Akataga tena sita, ikatoka kifaranga moja ikakufa siku ya nne. Saa hii ameanza kuingia boksi tena, na mke wangu anasema niuze wote. Nakosea wapi? Jamaa wa Umoja, Nairobi

Kaka, usiuze, ila boksi litoe leo, leo hii kabla hajadondosha yai la kwanza. Mayai kumi na moja kwenye mwaka mmoja ameshatoa na hujaniambia umempa chokaa ya kutengenezea maganda. Anayatoa kwenye mifupa yake mwenyewe huyo. Akiendelea hivi lipo siku yai litakwama, utamkuta chini ya tundu amejivimbisha, mkia unapanda na kushuka kila akipumua, anasukuma hakitoki kitu. Ukiona hivyo mweke kwenye boksi dogo lenye joto na unyevu kidogo, umkimbize kwa daktari. Usijaribu kulibana kwa vidole, likipasukia ndani humpati tena.

Tuje kwenye makosa, na nitakisia baadhi kwa sababu barua yako ni fupi. Umri kwanza. Umenunua Januari, je walikuwa na mistari kwenye paji la uso imeshuka mpaka puani, macho meusi yote bila kipete cheupe? Kama ndiyo walikuwa watoto wa chini ya miezi minne. Baji anaweza kutaga mapema lakini siyo vizuri, subiri afike mwaka au karibu na mwaka, wote wawili.

Pili vijiti vya kukalia. Utacheka, ila mayai matupu mengi ninayoyaona kwa watu yanatokana na kijiti kinachocheza. Dume anapanda, kijiti kinazunguka, anateleza, anajaribu tena anateleza, mwisho jike anachoka anaenda zake kutaga mayai yasiyo na kitu. Kaza vijiti visitikisike hata kidogo, na viwe vya mti wenyewe, mpera mzuri, unene tofauti tofauti, siyo vile vya plastiki laini.

Tatu, ulitupa lini? Jike hatagi yote siku moja, anaruka siku, yai leo, kesho hakuna, kesho kutwa lingine. Na kila yai lina siku zake 18 hivi za kuatamiwa. Ukiwa na matano, la mwisho liko nyuma ya la kwanza kwa zaidi ya wiki, sasa mtu anahesabu 18 toka yai la kwanza anaona kimya anatupa yote, kumbe mengine siku zake zilikuwa bado. Usitupe mpaka wiki tatu na ushee zipite toka lile la mwisho. Ukitaka kujua mapema, siku ya sita au ya saba chukua tochi ya simu, mulika yai kwa nyuma gizani bila kulitoa mbali, lenye uhai utaona mishipa myekundu imetawanyika kama miguu ya buibui, lisilo na kitu linang'aa manjano tu.

Huyo kifaranga wa siku ya nne nadhani ni chakula. Jike ndiye anayeatamia peke yake, dume kazi yake ni kumlisha mlangoni, na jike analisha makinda. Ukiwapa mbegu kavu tu huo mnyororo unakatika. Mwezi mzima kabla ya kuweka boksi anza kuwapa yai la kuchemsha lililopondwa na karoti ya kukwaruza, uwele ulioloweka mpaka ukatoa kimea, majani ya sukuma wiki. Mchicha pia lakini siyo kila siku maana unazuia ile chokaa isifanye kazi. Na chokaa yenyewe hainunuliwi, ni ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni, mwagize mtu yeyote anayetoka Mombasa, uoshe, uloweke, uanike, uchomeke kwenye nyaya. Ukikosa, maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa. Chakula cha yai ukikiweka asubuhi, ikifika saa nne kitoe, kwa joto kinachacha haraka na ndicho kinachoua makinda.

Boksi liwe la mbao, sentimita 15 kwa 25 hivi chini, mlango wa sentimita nne na nusu au tano, na sakafu yake ichongwe ibonyee kama bakuli upande wa mbali na mlango. Sakafu ikiwa bapa mayai yanazurura na kinda linakua miguu imetanuka kama chura. Randa kidogo za mbao zisizo na dawa zinatosha, nyasi atazitupa nje zote, hajengi kiota huyu, kwao anatagia kwenye mashimo ya miti.

Kwa hiyo pumzisha miezi sita. Giza likiingia funika tundu, taa za sebuleni mpaka saa sita usiku zinamwambia bado ni msimu. Akitaga chini bila boksi muachie mayai achoke nayo mwenyewe, ukimnyang'anya anafidia. Kisha ukirudisha boksi ni vizazi viwili tu halafu unatoa tena. Makinda yatatoka bokisini yakiwa na siku 30 mpaka 35, baba anaendelea kuyalisha wiki moja mbili, usiyatenge hadi uyaone kwa macho yako yanamenya punje na kumeza. Na mama mwambie nimesema avumilie.

Asalaam aleikum. Nipo Maskati, joto la huku mnalijua. Tundu nimeliweka roshani, mchana ndege wanaachama midomo na kutanua mbawa. Wametoka jangwani si ndiyo, watazoea? Msomaji, Maskati

Waaleikum salaam. Hawatazoea, wanaungua. Jangwani kwao mchana wanajificha kwenye kivuli cha miti na wanaruka kwenda kwenye maji, wako wamefungiwa kwenye chuma juani. Waingize ndani sasa. Kiyoyozi hakina neno ilimradi kisiwapulizie moja kwa moja, na beseni dogo la maji ya kuogea asubuhi watakuombea dua.

Mzee, nina huzuni. Jumapili usiku nilikuwa na baji watatu wazima wanaimba, Jumatatu asubuhi wote wamekufa, hawana kidonda wala nini. Wanakaa jikoni kwa sababu ndiko kuna joto, na usiku ule tulikuwa na baridi tukaingiza jiko la mkaa. Majirani wanasema ni kijicho. Nani kanifanyia hivi? Baba wa watoto watatu, Arusha

Pole sana ndugu yangu, na watoto uwape pole.

Sikuwepo, lakini watatu kwa usiku mmoja bila alama, jikoni, na jiko la mkaa ndani... mimi namshuku mkaa kabla ya jirani yeyote. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na mapafu ya ndege yanafyonza hewa kuliko yetu, ndio maana wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wanashuka na kanari kwenye tundu, kanari akianguka watu wanakimbia, na waliendelea na mtindo huo hadi mwaka 1986. Ndege wako wametangulia tu, kama madirisha yalifungwa mngefuata nyinyi. Nakuomba, jiko lile lisilale ndani tena.

Na kwa wengine mnaosoma hii, jikoni siyo mahali pa baji hata kama hamtumii mkaa. Kikaango cha kisasa kisichogandisha chakula kikisahauliwa motoni kikiwa kitupu kinatoa mvuke ambao wewe huuhisi na ndege anakufa ndani ya dakika. Dawa ya mbu ya kuchoma, ya kupuliza, ubani mwingi, zote hizo mbali naye. Na parachichi, jamani parachichi! Kila mwezi kuna mtu ananiambia amempa kwa sababu ni tunda lenye afya. Kwa binadamu. Kwa ndege ni sumu, hata kipande kidogo usijaribu. Chokoleti, kahawa, pombe, vyenye chumvi, hivyo navyo hapana.

Shikamoo. Huku shambani kwetu kuna cherero wanakula mtama balaa. Nikiwatega niwachanganye na baji wangu watazaa mchanganyiko? Kijana wa Magu, Mwanza

Marahaba. Hawatazaa kitu, ni ndege wa aina tofauti, watakachofanya ni kuwang'ata baji wako vidole vya miguu mpaka vitoke. Na mtego wenyewe ni kesi. Cherero ni ndege wa pori, analindwa na sheria ya wanyamapori na yumo kwenye orodha ya CITES (ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini), Tanzania ilisimamisha kabisa kusafirisha wanyama hai nje mwaka 2016 na ndege kama hao walikuwemo. Baji hayumo kwenye orodha hiyo, ndio maana unamnunua sokoni bila maswali. Cherero wafukuze shambani kwa debe.

Shikamoo babu. Nina baji mmoja anaitwa Kijani. Anaongea na kioo siku nzima na anakitapikia chakula. Rafiki yangu anasema anaumwa. Mimi nipo darasa la sita. Msomaji, Tanga

Marahaba mjukuu wangu. Haumwi, anaamini kioo ni mwenzake na anamlisha, ndivyo dume linavyomlisha mchumba. Shida ni kwamba mchumba hali, kwa hiyo anatapika tena na tena, na wewe hana muda na wewe.

Toa kioo leo ukitoka shule. Siku mbili tatu atanuna, atakaa pembeni, usiogope. Jioni kaa naye uliko na madaftari yako, fanya homuweki yako kwa sauti, hasa zile za kusoma. Kama baba na mama wakikubali mtafutie mwenzake, lakini huyo mgeni akae chumba kingine siku 30 kwanza, maana ndege mgonjwa anajificha mpaka siku ya mwisho. Baada ya hapo sogeza tundu kwa tundu, waonane kwanza. Halafu uniandikie umempa jina gani.